Alama za Mikononi mwa Baba

Maskati, 12 Mei 2025

Dada yangu mpendwa Fauzia,

Shikamoo. Natumai wewe na watoto hamjambo huko Tiwi, na masika hayajakuharibia mihogo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Joto tu la huku ndilo linalotutesa.

Dada, nakuuliza jambo, na ninaomba jibu lisilo na mzunguko. Juzi binamu yetu Waziri alikwenda kumtazama Baba hospitalini. Aliona alama nyekundu kwenye vifundo vya mikono yake yote miwili. Akamuuliza, "Ami, nani aliyekufanya hivi?" Baba akajibu, "Fauzia hunifunga. Na chakula hanipi."

Baba hajawahi kuwa mwongo. Na sasa nakumbuka kwamba kila nikimpigia simu, nasikia sauti yako kando yake ukimnong'oneza la kusema. Kwa nini?

Nduguyo,
Swabir


Tiwi, 15 Mei 2025

Ndugu yangu Swabir,

Marahaba. Hatujambo. Mtoto wangu mdogo alikuwa na homa, sasa ameinuka. Mihogo salama. Salamu zako zilikuwa tamu kuliko yaliyozifuata.

Baba, kama ujuavyo, amelazwa kwa nimonia katika hospitali ndogo ya watu binafsi. Alama hizo amezipatia wodini. Walimfunga kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda. Nilipouliza, muuguzi alinijibu, "Mzee wako mkorofi. Kila tukimpeleka bafuni anatupiga ngumi." Baba yetu huyo, ambaye hakuwahi kutuchapa hata kofi!

Nilimweleza daktari kwamba Baba husahau, na kwamba tangu mwaka jana ananiita kwa jina la marehemu Mama. Daktari akaenda kumjulia hali. Baba alimjibu kwa adabu zake zote: "Alhamdulillahi, mwanangu. Na kwenu hawajambo?" Daktari akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi. Kisha Baba akamwambia kuwa simpi chakula. Nikaitwa nje, nikaulizwa, "Wewe ni bintiye wa kuzaa?" Tangu siku hiyo siruhusiwi kumlisha mpaka muuguzi asimame kando.

Kuhusu simu: ninachomnong'oneza ni jina lako. Hulisahau.

Nawashuku wao, wao wananishuku mimi, na sasa nawe umejiunga.

Dadako,
Fauzia


Maskati, 19 Mei 2025

Dada Fauzia,

Shikamoo. Natumai mtoto amepona kabisa. Mimi sijambo, ila usingizi haupatikani.

Nimezungumza na daktari kwa simu. Anasema akili ya Baba ni timamu, na kilichobaki ni ukaidi wa uzee. Huyo ni mtu aliyesomea kazi yake, wala hana sababu ya kukusingizia. Sasa nimwamini nani?

Nimemwomba Waziri akae na Baba hospitalini, kisha amchukue kwake Msambweni mpaka nijue ukweli. Tafadhali usimzuie.

Swabir


Tiwi, 11 Juni 2025

Ndugu yangu Swabir,

Natumai u mzima na Idi imekupitia salama. Sikukuandikia siku zote hizi kwa sababu kila neno lililonijia lilikuwa tusi.

Waziri alikuja, nami sikumzuia. Siku ya pili alimshika Baba mkono kumpeleka bafuni. Walipofika mlangoni Baba akapiga ukelele, akampiga Waziri mdomoni hadi damu ikatoka. Waziri huyo huyo ndiye aliyeitisha bendeji ili Baba afungwe.

Alikuwapo muuguzi mgeni, Sidi, mtu wa Kinango. Akasema, "Ngojeni kwanza." Akanigeukia: "Babako alikuwa akifanya kazi gani?" Swabir, tangu alazwe hakuna aliyeniuliza hilo. Nikamwambia alikuwa mchimba visima, na kwamba nduguye alifia ndani ya kimojawapo, yeye akiwa juu ameshika kamba. Sidi akatazama chini. Mlangoni palikuwa na mkeka mweusi wa mpira juu ya vigae vyeupe.

"Yeye haoni mkeka," akasema. "Anaona shimo, nasi twamsukuma atumbukie."

Akaukunja, akautoa nje. Baba akapita taratibu, huku akimuuliza Sidi kama kwao mvua imenyesha.

Asubuhi iliyofuata Sidi alimleta daktari wakati Baba alipokuwa angali anajifuta uji midomoni. Sidi akamuuliza, "Mzee Chirau, umekula nini leo?" Baba akajibu, "Tangu jana sijatia kitu kinywani." Daktari akalitazama bakuli tupu, kisha akanitazama mimi. Sidi akaeleza kwamba ugonjwa huu wa kusahau huitwa dimensia, na kwamba salamu huwa miongoni mwa mambo ya mwisho kumtoka mtu. Bibi yake aliugua hivyo. Daktari alinitaka radhi. "Chuoni tulifundishwa haya kwa saa moja tu," alisema. Ametuandikia barua ya kwenda hospitali kuu akapimwe vizuri.

Baba yuko nyumbani kwangu. Waziri mwenyewe ndiye aliyemleta.

Ningeweza kukomea hapa ukanisifu. Lakini Baba hakunisingizia. Mwezi wa Aprili alitoka akafika barabara kuu, na lori lilimkosa kidogo tu. Kesho yake maji yalikwisha, na sikuwa na wa kumwachia. Nilimfunga mkono kitandani kwa leso yangu. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu alilia. Alama ni za hospitali, lakini aliyomwambia Waziri kuhusu kufungwa yalikuwa ya kweli, na daktari alikuwa na haki ya kuniuliza.

Dadako,
Fauzia


Maskati, 24 Juni 2025

Dada yangu Fauzia,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama, nawe umelala japo kidogo.

Barua yako nimekaa nayo karibu wiki mbili. Siku ya kwanza nilikulaani. Siku ya pili nilijiuliza ni nani angekaa na Baba ulipokwenda kuteka maji, na katika kuhesabu watu nikajikuta najiruka mwenyewe.

Sitakudanganya, bado sijakuamini kikamilifu. Nawe huna sababu ya kuniamini mimi niliyekuhukumu kwa simu. Basi tuwe wawili ndani ya nyumba hiyo, kila mmoja amwone mwenzake anavyomtunza Baba. Nimepewa ruhusa ya miezi minne. Nitatua Mombasa tarehe tano Julai.

Nikifika, nifundishe kumwogesha. Miaka yangu yote sijawahi kumwona Baba bila nguo, nami naona haya, tena naogopa. Siku ya kwanza usitoke, simama nami pale mlangoni.

Nduguyo,
Swabir