Kiti Chako Katika Kikundi cha Tano

Mpendwa dada Kendi,

Mama ameniuliza tena kama nitakwenda chuoni, nami nimekuja kukuandikia. Nimeitwa kwenye kozi ile ile yako ya utabibu, chuo kile kile cha Meru, na hata miezi miwili haijaisha tangu tukuzike. Nataka kwanza nikuambie kilichotokea nilipofuata sanduku lako la vitabu.

Unakumbuka ghala letu hapa Kibirichia, ukinilaza juu ya magunia ya viazi? "Leo wewe ni mgonjwa. Wacha kucheka, wagonjwa hawacheki!" Ulieleza njia ya damu moyoni kwa sauti, kisha ukanitaka niieleze mimi. Ulisema mtaala umebadilishwa na darasa lenu ndilo la kwanza. Mliketi wanane kwa duara, kila mmoja akiwafundisha wenzake sehemu yake, mwalimu amekaa nyuma kimya. Waliowatangulia waliwacheka: "Nyinyi ndio dawa mpya. Tutaona kama itaponya ama itaua." Wenzako walilalamika. Wewe ulisema, "Kitu nikikisema mwenyewe, hakinitoki."

Nilifika chuoni saa nne asubuhi. Mukami, kiongozi wa kikundi chenu cha tano, aliniambia nikae ningoje wamalize. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu. Nikakaa. Hakuna aliyeniambia kilikuwa chako.

"Si mwalimu akuje tu atufundishe!" mmoja alinung'unika. "Hii mtaala itatumaliza."

"Sema sehemu yako, wacha kulia," Mukami akamjibu.

Zamu ikazunguka. Ilipofika kwangu wote waliinamisha macho. Baadaye Mukami alinieleza kwamba sehemu yako hawajaigawa. Kila siku huingoja kidogo, kisha huendelea. Siku hiyo hawakuendelea. Nilisikia mtu akieleza njia ya damu moyoni, polepole, na kile kikohozi chako kidogo kabla ya neno gumu. Midomo iliyokuwa ikisogea ilikuwa yangu. Mimi, niliyeshindwa hata kusoma tangazo paredi shuleni!

Mwalimu aliandika kitu kwenye rejista. Nilipopita nilichungulia. Alikuwa ameweka alama ya kuhudhuria mbele ya jina lako.

Tangu siku hiyo sijui kama nikienda nitasoma mimi ama utasoma wewe. Nilimwambia Mama hayo yote akiwa anamenya viazi.

"Kwani ulikosea?"

"La."

"Basi ni wewe ulijua, Makena."

Lakini hakuniangalia, na kisu chake kilikuwa kimesimama.

Jana nilifungua kitabu chako kwenye sura ya figo, ambazo hukuwahi kunifundisha, nikajaribu kuzieleza kwa sauti. Nilikwama, nikakosea, nikarudia. Sauti ilikuwa nyembamba, yenye aibu, yangu kabisa. Nilifurahi mpaka nikalia.

Jumatatu nitaripoti. Nitaomba wasiniweke kikundi cha tano. Na popote watakaponiweka, zamu ikifika nami nikose jibu, nakuomba, dada, usinijibie. Niache ninyamaze mpaka nijue.

Pumzika sasa.

Mdogo wako,
Makena