Zhanel Alipoiacha Okestra Ikisubiri

Mtaa wa Tole Bi,
Almaty.
14 Mei

Mpendwa kaka Seitkali,

Hujambo huko Hamburg? Kile kifua kimepoa? Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri, na anakusengenya kila siku kwa kutopiga simu.

Kaka, nina habari. Jana mwanao Zhanel alifanya mtihani wa mwisho wa chuo cha muziki, akapiga piano na okestra nzima.

Ugomvi wake na mwalimu wake unaujua. Mwalimu Bibigul, aliyemfundisha tangu ana miaka saba, alipopata habari kwamba anapiga jazi hotelini kila Ijumaa, alifoka: "Vidole nilivyovilea mimi, wewe unakwenda kuvikaanga na mishikaki? Nikiisikia hoteli kwenye mtihani, katafute mwalimu mwingine!" Mtoto alilia wiki nzima. Lakini yule mwalimu anampenda kuliko hata sisi.

Sasa, katika muziki ule kuna mahali okestra hunyamaza na mpiga piano hubaki peke yake. Wote hupiga yaliyoandikwa kitabuni, kisha hutetemesha noti mbili za juu, na hiyo ndiyo ishara ya okestra kurudi. Zhanel alianza sawasawa. Mara nikasikia wimbo uliokuwa ukimbembelezea wewe utotoni kwa dombra yako ya nyuzi mbili, ila sasa unatembea kijazi, unakata kiuno! Akatetemesha zile noti, wapiga fidla wakainua pinde zao. Yeye huyoo, anaendelea! Kiongozi wa okestra akabaki na mkono hewani, mdomo wazi. Bibigul, aliyeketi kando yangu, alinibana mkono hadi ukafa ganzi. Sijapata kusikia kitu kizuri namna ile maishani mwangu. Niliogopa hata kupumua.

Baadaye tukamfuata nyuma ya jukwaa.

"Nani kakuandikia ile?" mwalimu akamuuliza.

"Hakuna, mwalimu. Imekuja yenyewe."

"Hebu irudie."

"Siwezi. Imeshakwenda."

Bibigul akasema, "Ijumaa usije darasani kwangu."

Zhanel akainamisha kichwa. Mwalimu akaongezea:

"Nakuja mimi hotelini. Niwekee kiti karibu na piano, masikio yangu yamezeeka."

Msalimie sana wifi Gulzhan na mwanenu Daulet. Mama anawaombea afya na riziki, nami naitikia amina. Mungu akulinde, kaka, na akupe siku ya kumsikia mwenyewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kulyash