Ulanzi Wangu, Mbuzi wa Petro

Jumatatu, 6 Februari 1956

Nimemkosea mama mdogo Leya. Naanza na hilo, maana nikianza na mengine sitalifikia.

Asubuhi nilishuka mianzini kama kila siku. Ukungu mzito. Kazi yenyewe si kubwa: unachonga ncha ya chipukizi, nyembamba kama ganda la kitunguu, unarudisha mbeta yako, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, utomvu unadondoka humo. Ukija jioni umeshakuwa ulanzi, pombe kamili. Leo mbeta mbili nimekuta kavu. Chini kinyesi cha mbuzi.

Kwa hiyo ni kweli. Mbuzi wa Petro hawaumwi. Wamelewa.

Jana baada ya ibada Petro, jirani yangu, alisema mbele ya watu kwamba mbuzi wake wanarudi jioni wanapepesuka, na yeye anajua nani kawafanyia. Leya. Walimlia njegere zake, akawafukuza anapiga kelele, "Mtalia siku moja nyie!" Maneno ya mama mzee mwenye hasira tu. Lakini Petro anasema ni uchawi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na Biblia kwapani. Nilishaanza kuhisi ni ulanzi wangu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika.

Mimi ni mzee wa kanisa. Kwetu anayekunywa ulanzi anatengwa na meza ya Bwana. Na anayesoma majina ya waliotengwa ni mimi.

Jumatano, 8 Februari

Watu wengine wakigema wanazungushia miiba, mnyama asifike. Mimi sikuweka miiba. Uzio unasema hapa kuna kitu. Tena nachonga machipukizi mafupi, ya magotini, ili mbeta zisionekane kutoka njia ya kanisani. Ndiyo kusema nimewaandalia mbuzi meza.

Leo nimewaona kwa macho yangu. Beberu amepiga magoti, mdomo wote ndani ya mbeta, mkia unacheza. Jike mmoja kalala ubavu anakoroma. Mwingine anagombana na mwanzi: anaupiga pembe, anarudi nyuma, anautazama, anaupiga tena. Hata nyuki. Wameanguka kwenye nyasi wanatembea kwa miguu, wamesahau kwamba wana mabawa.

Nikacheka. Nilikaa kwenye jiwe nikacheka mpaka machozi. Naandika nisije kusema baadaye kwamba sikucheka.

Kisha nikanywa uliobaki. Nikatafuna karafuu. Nyumbani Elina, mke wangu, alifungua dirisha.

Ijumaa, 10 Februari

Mbuzi mmoja kafa. Yule aliyekuwa anakoroma. Alikuwa na mimba. Ameanguka kwenye kijito, maji ya vifundoni, akashindwa kuinua kichwa.

Petro alimbeba begani mpaka kwa mwinjilisti. Juzi watu walikuwa wanamtania, "Petro, beberu wako jana kaisalimia nguzo ya kengele. Kamwene! Nguzo haikuitika, akaipiga kichwa!" Leo hakuna aliyetania. Kamasi zilikuwa zinamtoka Petro puani na hazifuti.

Mwinjilisti akatuita wazee wote. Wakasema Leya aonywe, aache. Nani ataenda?

"Si huyu hapa?" Petro akasema. "Ni mama yake mdogo. Kamlea huyu, kampakata."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Sawa."

Basi. Sawa.

Jumamosi, 11 Februari

Nimeenda.

Mama yangu alipokufa mimi nilikuwa sijaanza kutembea. Leya ndiye aliyenibeba mgongoni, analima nami, anakata kuni nami. Leo nilimkuta anamenya njegere.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Sogea huku, moshi utakuumiza."

Nilisema yote niliyotumwa. Kwamba watu wanalalamika. Kwamba kama kuna neno moyoni aliache, mbuzi wa watu wapone. Nilikuwa natazama maganda ya njegere.

"Na wewe?" akaniuliza. "Unasema ni mimi?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

"Sikukuuliza kama umetumwa."

Akaendelea kumenya. Nilipoondoka akanifungia njegere kwenye jani nimpelekee Elina. Nikazipokea. Hata hilo nililiweza.

Jioni nilishuka nikatoa mbeta zote. Nimezivunja, nimezitupa shimoni, nikabakiza moja, sijui kwa nini. Nikafikiri yameisha. Mbuzi watapona, watu watasahau, hakuna atakayeumia tena. Nilijiona mwerevu.

Jumatano, 15 Februari

Mbuzi wamepona.

Petro kaja kwenye ibada ya kuanza Kwaresma anaangaza. "Mmeona wenyewe? Kaonywa Jumamosi, Jumatatu mbuzi wanatembea kama askari! Bado mnataka ushahidi gani?"

Hakuna aliyekuwa anataka mwingine. Hata waliokuwa na shaka sasa hawana. Mwinjilisti akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia nina hekima.

Nilitaka kuficha jambo langu, kumbe nimewapa kamba ya kumfungia Leya. Kama mbuzi wangeendelea kulewa, watu wangesema onyo halikufaa, labda wangetafuta kwingine. Sasa mimi ndiye niliyemthibitisha kuwa mchawi. Kwa kuvunja mbeta kimyakimya.

Leya alikuwa benchi la nyuma. Benchi zima peke yake.

Jumanne, 21 Februari

Leya kaita mgowe. Hana mtu wa kumpalilia, na kwetu ukiita mgowe jirani wanakuja na majembe, mnalima pamoja, mwenye shamba anawalisha. Yeye hajawahi kukosa mgowe wa mtu. Hata wa Petro.

Mimi nilitoka na jembe. Njiani nikawakuta wanawake wamesimama. Mmoja akaniuliza, "Mzee, unakwenda kula chakula cha kule?" Wakacheka, si kwa ubaya. Nikasema hapana, nakwenda kwangu. Nikakata kona na jembe langu, nikalima pasipo na magugu.

Mchana nilipanda juu nikaangalia. Chungu kikubwa cha ugali nje kwa Leya, kimefunikwa majani ya mgomba. Yeye yuko shambani peke yake, amekunja mgongo. Hakuna aliyekuja.

Mimi ni mtu mbaya. Nilikuwa nadhani ni mtu dhaifu tu.

Alhamisi, 23 Februari

Leya anahama. Elina ndiye aliyeniambia, huku anapepeta mahindi, hakunitazama. Ana mtoto Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, lori la Jumatatu linalopita Mbeya litamchukua. Kuku alitaka kuwagawa. Hakuna anayetaka kuwapokea, wamebaki wanazurura.

Chunya. Vumbi na joto. Yeye hajawahi kuamka mahali pasipo na ukungu. Atafia kule.

Nilienda kwa mchungaji nimwambie. Nikakaa. Nikaongea habari za mabati ya kanisa na mvua. Akanishukuru kwa kumtembelea.

Niliporudi, Elina akaniuliza swali moja tu. "Baba Yona, zile mbeta ulizipeleka wapi?"

Nikamwambia shimoni. Akaitikia. Kumbe alikuwa anajua, naye ameona aibu kwa niaba yangu muda wote huu.

Jumamosi, 25 Februari

Mvua ndogo tangu asubuhi.

Nilishuka mianzini. Machipukizi niliyoyachonga yamekauka ncha, mengine mapya yanatoka. Nyuki wachache wanazunguka pale palipokuwa na mbeta, hawaelewi. Nikaichukua ile moja niliyobakiza. Bado inanuka.

Nikapitia kwa Leya. Mlango wazi, mzigo umefungwa kwa kamba ya katani, mdogo. Niliingia nikapiga magoti nikamwambia. Yote, mpaka kucheka. Hakulia, hakunilaani. Akasema, "Mimi umeniambia, baba. Lakini si mimi niliyeacha kuniamkia."

Ndivyo ilivyo. Kumwambia yeye peke yake ni kujificha tena.

Elina kaniandalia shati la kesho. Mbeta niliiweka mezani, akaiosha bila kuuliza, akaiweka juu ya Biblia.

Kesho Jumapili, tarehe 26, wakati wa kusoma majina ya waliotengwa, nitasimama na mbeta hii mkononi. Nitasoma jina langu. Nitawaeleza mbuzi walikunywa nini, na kwa nani. Mbuzi wangu jike mwenye mimba nitampeleka kwa Petro. Na kabla lori halijafika Jumatatu nitakuwa shambani kwa Leya na jembe, naanza kupalilia upande wa njiani, ambako wote wanapita.

Asipotaka kubaki, nitambebea mzigo mpaka barabarani. Lakini nitakuwa nimepalilia.