Kiporo cha Elfu Sita

Toledo, 28 Machi

Kaka Stan,

Goti langu limepona, theluji imeyeyuka, na kampuni yangu ya kuezeka mapaa, ile niliyoianza na ngazi moja, ina kazi mpaka Juni. Sasa nikupe habari ya Marta wangu.

Unajua aliomba chuo mapema, Novemba, ili apate jibu kabla ya Krismasi. Jibu likaja: si ndiyo, si hapana, eti asubiri mpaka Machi. Nikapiga hesabu. Waliowekwa kiporo ni elfu sita. Mwaka jana idadi ilikuwa hiyohiyo, wakachukuliwa mia tatu. Tano kwa mia! Mimi mteja akiniuliza bei simwambii arudi baada ya miezi mitatu.

Nilitaka kuwapigia simu niwape vipande vyao. Marta akaninyang'anya simu.

"Mama, tulia! Hawa si mafundi wako. Na tano si sifuri."

Akawaandikia barua ya ukurasa mmoja: bado nakitaka chuo chenu, na hizi ndizo alama zangu mpya. Hisabati alikuwa amepata mia kwa mia.

Jana jioni akafungua majibu jikoni. Amekubaliwa, Stan! Nilipiga kelele hadi jirani akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto.

Wametupa mpaka Mei mosi kujibu. Nikamwambia, "Waache wasubiri hadi siku ya mwisho, nao waonje."

"Waonje nini, Mama? Mimi nataka kwenda," akasema, akabonyeza ndiyo.

Dada yako, sauti imenikauka,
Bernadette