Pengo la Shingoni mwa Mtungi

Jumatatu, 3 Machi

Niwie radhi, shajara. Tangu tulipomzika binti yangu sijakufungua. Kila nilipokushika, kalamu ilinielemea kama mchi. Leo naandika kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Mjukuu wangu, mwanawe marehemu, huja karakana ya makumbusho akitoka shule. Hunitazama nikiunga vigae vya mtungi wa kale uliofukuliwa bondeni. Ndiyo kazi yangu ya uzeeni, baada ya miaka mingi ya kufundisha sarufi. Huanzia kitakoni, nikapanda taratibu. Kimebaki kigae kimoja, cha shingoni.

Leo aliingiza mkono katika pengo hilo. Nikamkemea — akatoweka! Kiti kitupu, mkoba sakafuni. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Aliporudi, sketi imelowa, viatu vimejaa matope mekundu. Akacheka.

"Bibi, umepauka kama chokaa!"

Jumatano, 5 Machi

Amekwenda tena, nilipogeuka kuchukua brashi. Anasema mtungini mna mji wenye ukuta. Mto umefurika. Watu wazima wamekimbia au wamesombwa. Watoto wamejificha ghalani. Wakubwa kidogo amewafikisha mlimani. Wadogo bado.

Nikamwuliza, kwa nini wewe? Akasema mama asingewaacha.

Kweli. Asingewaacha.

Jioni, tukiosha vyombo, nikaanza wimbo ambao mama yake alimbembelezea. Daima huupokea. Leo kimya.

"Wimbo gani huo, Bibi? Mtamu."

Nilidhani ni utani wa vijana. Nikalia kwenye sinki, nikasingizia sabuni.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa makumbusho anataka mtungi ukamilike. Maonyesho ni wiki ijayo. Mlinzi wetu, tunayemwita Komeo, akachungulia mlangoni: "Mwalimu, unaukumbatia mtungi kama mchumba!" Nikamwambia aende akafunge milango, ndiyo kazi yake. Akaenda akicheka.

Nikakijaribu kigae bila gundi, kama ilivyo desturi. Kinacheza kama jino bovu! Juma lililopita kilikaa barabara. Si viungo vyangu vya gundi vilivyolegea. Viungo vyangu havilegei. Ni pengo. Kila mara mjukuu wangu akienda, linapanuka. Akienda mara moja zaidi, kigae hakitashika tena, na mlango huu hautafungika milele. Nilijaribu kuziba kwa plasta. Ikadondoka, vumbi tupu.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi, kikombe cha chai mkononi, alisimama mbele ya picha ukutani. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Bibi, huyu mama ni nani? Mbona tumefanana?"

Nikamjibu.

"Pole, Bibi," akasema.

Pole! Kana kwamba msiba ni wangu peke yangu.

Jumapili, 9 Machi

Tuko karakana, sisi wawili tu. Nimemweleza kile ambacho mtungi unamtoza kila safari: kumbukumbu za mama yake. Kumbe anajua. Alianza kushuku aliponiona nalia jikoni.

"Sasa mbona ulikwenda tena juzi, nilipompeleka mkuu nje?"

"Wako juu ya paa la ghala, Bibi. Maji yanapanda. Yule mdogo kabisa ananiita mama."

Nikakichukua kigae mezani.

Akaendelea: maadamu mimi namkumbuka mama yake, basi hajapotea, nitamsimulia. Nikamwuliza, na safari hii utasahau nini, ikiwa mama amekwisha kufutika?

Akajibu:

"Wewe, labda."

Kisha akainama kufunga kamba za viatu.

Ameahidi hatakwenda bila ruhusa yangu. Tangu mwanzo hakuomba ruhusa. Leo ndiyo anaomba! Ameketi, mikono mapajani, kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Kukaa hivyo nilimfundisha mama yake, naye akamfundisha.

Kigae kiko kiganjani mwangu. Gundi nimeshaichanganya, inaanza kuganda. Nimetega sikio penye pengo. Maji. Na mtoto anakohoa — kikohozi kidogo, cha aliyelowa tangu asubuhi. Nikifunga, nimebaki na mjukuu wangu, na kikohozi hicho masikioni mpaka kaburini. Nisipofunga, atakayerudi atanisalimu shikamoo kama apitaye njia.

Nimemwomba aniite Bibi, mara moja tu, polepole. Ameniita.

Nikishaamua, nitaandika.