Saumu Yangu ya Uongo na Mionzi ya Mama

Bi Genoveva, shikamoo. Neno hili sijamwambia mtu yeyote: saumu ninazofunga ni za uongo, na ninayemdanganya ni mama yangu mzazi. Mama aliugua saratani ya titi, akatibiwa Dar es Salaam kwa mionzi wiki tano, akilala chini ya mashine dakika chache kisha anarudi kwa shangazi, na sasa yuko nyumbani Mlingotini, anatembea, anacheka, anakuna nazi mwenyewe, na namshukuru Mungu kila nikimwona, lakini kwetu tunakula sinia moja, na mimi nauogopa mkono wake.

Nimemaliza kidato cha nne. Mimi ni mwoga wa kusema mbele za watu, ila mara moja nilisimama kwenye mdahalo wa shule kupinga nchi yetu kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia, nikasema mionzi haionekani wala hainuki, humnasa mtu na kumfuata mpaka kwa wajukuu, nikapigiwa makofi, na hayo ndiyo makofi pekee niliyowahi kupigiwa. Tukitoka, Adrian wa upande wa pili akaniambia, "Umeshinda, lakini umesema nusu." Sikumuuliza nusu ya pili.

Basi mama aliporudi, ili nisile naye sinia moja, nikamwambia nalipa siku zangu saba za Ramadhani, zikaisha, nami nikaendelea, mchana nakula maandazi kwa rafiki yangu, jioni nafuturu jikoni peke yangu. Mama anaamka kunipashia daku, akigeuka nawapa kuku. Jirani yetu Bi Ashatu humtania, "Umezaa walii, tutakuja kuombewa dua," na mama hujibu, "Mwache, anashukuru mimi kupona." Jibu hilo linanichoma. Je, mionzi imo mwilini mwake? Nifanye nini? Jina langu usilitaje, na wasomaji wa Mlingotini mkinitambua, nawaomba mnifichie.

JIBU

Marahaba, binti. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nikatamani kukufinya. Mama ametoka kuugua, anakupashia daku, wanakula kuku?

Nimemuuliza mtaalamu wa tiba ya mionzi. Mionzi ya mashine ile ni kama mwanga wa taa: ukiizima, chumba hakibaki na mwanga. Mama yako hana cha kukuambukiza. Wapo wagonjwa wanaomezeshwa dawa yenye mionzi, na hao daktari huwaambia wakae mbali na watu kwa siku chache. Mama yako, kwa ulivyoeleza, si mmoja wao.

Sasa chukua nusu ya Adrian. Katika mtambo ule, viini vya atomu za madini ya urani hupasuliwa, vikatoa joto, joto likachemsha maji, mvuke ukazungusha mashine za umeme bila moshi wa makaa. Na kobalti, metali inayotoa mionzi ndani ya baadhi ya mashine za kutibu saratani hutengenezwa katika vinu vya nyuklia. Nusu yako nayo ina ukweli: mabaki ya mtambo hukaa na mionzi maelfu ya miaka, lazima yalindwe, na ajali kubwa huhamisha watu makwao. Hofu hiyo ilifaa mdahaloni. Wewe umeileta kwenye sinia la mama yako.

Mimi nafunga Kwaresima, lakini hata mimi najua saumu ya shukrani haifungwi kwa maandazi. Alhamisi hii funga kweli, kama mama yako anavyoamini. Daku lake ulile lote. Alasiri kaa naye, mwambie yote kwa mdomo wako, na la kuku usiliache. Atanuna kidogo, pengine atacheka. Mtu aliyevuka saratani hashindwi na hilo. Ikiadhiniwa, fungueni pamoja, mkono wako kando ya wake, na kipande cha samaki kilichonona msogezee yeye.

Nanyi wasomaji wa Mlingotini, mmesikia alichoomba. Mkimtambua, nyamazeni, hata wewe Bi Ashatu. Mama yake asilisikie hili kwa mtu mwingine kabla ya Alhamisi.