Sanduku la tatu limepoa

Jumanne. Mvua imekuja asubuhi, ikaacha, ikarudi, ikaacha tena, na sasa jioni jua linawaka kama halijui lolote. Hali ya hewa ya Kyela imejifunza kazi kwa meneja wetu.

Nina wivu. Hilo naliandika juu kabisa ili nisije nikaanza kulizunguka.

Wivu wenyewe ni wa neno moja tu: ndaga. Huku kwetu ndiyo asante, hata mtoto akikupokea ndoo unamwambia. Lakini Mama Bupe, meneja wetu pale kituo cha kakao, hilo neno analitoa kama anang'olewa jino. Leo kalitoa. Kampa Gwakisa, kwa kazi ambayo Gwakisa hakuifanya.

Ngoja nieleze, maana najua wengine mnaosoma hapa kakao mnaijua ikiwa kwenye kopo. Wakulima wanatuletea mbegu mbichi na utelezi wake. Tunazimimina kwenye masanduku makubwa ya mbao, tunafunika na majani ya mgomba, zinavundikwa humo mpaka zinashika moto. Moto kweli, ukizamisha mkono unautoa haraka. Huo moto ndio unaoifanya kakao iwe kakao. Zikiiva ndipo tunazitoa kuzianika kwenye vichanja. Ukitoa mapema umeharibu jasho la watu.

Kazi ya masanduku tunaifanya wawili. Mimi, ambaye kidato cha pili kilinishinda lakini kwa beleshi hakuna wa kunishika kuanzia Ikolo mpaka Talatala. Na huyo Gwakisa, wa Ipyana, ana cheti cha kidato cha nne na anatembea kama kakibeba kichwani kisianguke. Mama Bupe anajenga banda jipya la kukaushia, lile la nailoni, na kasema mmoja wetu ndiye atakayelisimamia. Mimi nyumbani nilishasema ni langu. Mama yangu kawaambia kwaya nzima. Hapo unaona nilipofika.

Basi leo asubuhi Mama Bupe kafika, simu bado iko sikioni. Nikainama kidogo kumsalimu, "Mwagonile, Mama." Hakuitikia hata, akasema, "Lusajo, la tatu litoke, lianikwe. Gwakisa, toa la nne. Haraka."

Masanduku hayo mawili yalijazwa siku moja, na mimi kwa pua yangu nilijua bado. Harufu ya siki ilikuwa haijakolea. Lakini nani anabishana na meneja, na mwenzako anasikia? Nikavua shati. Nilitoa sanduku zima peke yangu, nikaanika, nikasawazisha vizuri kama kitanda cha bibi harusi. Akina mama wanaochagua mbegu wakawa wananitazama. Mmoja akasema, "Mwanangu, unakimbizwa?" Nikamwambia, "Mama, hivi ndivyo banda linavyotafutwa."

Gwakisa muda wote huo alikuwa anatafuta beleshi. Alilipata, akaona mpini umelegea, akaenda kutafuta nyundo. Nikacheka. Nikawaambia akina mama, yule mtu hata kaburi lake atachelewa kuingia.

Mchana Mama Bupe karudi, safari hii na mkulima mmoja mzee pembeni yake. Akaona vichanja vyangu.

"Nani kakwambia utoe?"

"Wewe, Mama."

"Mimi? Kakao ya juzi nikwambie utoe? Rudisha. Yote."

Kisha akaenda kwenye la nne, akafunua majani, akazamisha mkono, akautoa haraka, akatabasamu. Gwakisa kasimama pale na nyundo yake, mpole kama shemasi. "Nikaona nisiliguse mpaka urudi ulitazame mwenyewe, Mama."

"Ndaga, mwanangu."

Mbele ya wote. Mwanangu na ndaga, vyote viwili, kwa mtu ambaye asubuhi nzima kashika nyundo.

Sikubisha tena. Nilirudisha, tena kwa hasira. Mbegu zilishapigwa jua, zikapigwa manyunyu, zikapoa, ngozi ikaanza kukauka. Najua, kama anavyojua kila mtu hapa, kwamba kitu cha namna hiyo hakirudi sandukuni kikawa salama. Nilijua na nikamimina. Nilitaka Mama Bupe aone maneno yake yanafananaje yakimiminwa pamoja.

Aliona. Alasiri kazamisha mkono kwenye la tatu, kauacha humo muda mrefu.

"Limepoa," akasema. "Hii itaota ukungu. Lusajo, hii ni kakao ya watu."

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, Gwakisa kaniwahi. Kaongea taratibu, macho chini, kwa adabu zote, ila kasema. "Mama, utusamehe. Asubuhi ulisema litoke. Mchana ukasema lirudi. Mwenzangu kafanya yote mawili. Mimi sikufanya hata moja."

Nilidhani paa litadondoka. Mama Bupe akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaitazama ile simu mkononi mwake. Akasema mnunuzi alipiga asubuhi anataka mzigo haraka, kisha yule mzee naye akaja kumkumbusha kakao yake bado changa. Alikuwa anajisemea zaidi kuliko kutuambia sisi.

Na mimi hapo, badala ya kushukuru, wivu ulizidi. Maana hayo maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nayo mdomoni tangu mchana. Kanizidi cheti, kanizidi ndaga, sasa na ushujaa kanizidi.

Haikutosha. Jamaa akasema tuchukue mbegu za moto kutoka sanduku lake tuzichanganye na zangu, yote mawili yagawane joto. Mama Bupe akamwonya: "Na la nne likipoa je? Mkiniharibia yote mawili, banda naleta mtu wa kituo kingine. Sitanii."

"Sawa, Mama," akasema Gwakisa.

Tukabeba wawili, ndoo kwa ndoo. Nikamuuliza anawezaje kuishi na yule mama, leo hivi kesho vile. Akasema, "Gwe Lusajo, neno la Mama kabla hajanywa chai si amri, ni mawazo. Mimi hutafuta nyundo mpaka anywe." Nikacheka bila kupenda. Hilo nalo linaniuma, kwamba anachekesha.

Yeye akaondoka kwanza. Kufunika nikabaki nafunika mimi.

Sasa niseme lile lililonikalisha hapa niandike. La tatu nimelifunika majani tabaka juu ya tabaka, na magunia juu yake. La nne nimelifunika pia. Ila kona moja, ya upande wa ukutani, pale upepo wa ziwani unapopenyea, sikuifikisha. Niliiona. Nikajiambia mikono imechoka.

Mikono yangu haijawahi kuchoka. Muulize mtu yeyote hapa.

La tatu likishika moto na la nne likapoa, kesho nitakuwa mimi ninayetabasamu na yeye ameshika nyundo. Au litapoa moja, kisha jingine, na banda liende kwa mgeni, na mama yangu akawaeleze kwaya. Nimekaa napiga hesabu hizo na chai imepoa kikombeni, na kila nikiifikia ile kona naona mkono wa Gwakisa unamimina ndoo ya moto kwenye sanduku langu.

Nani anamwonea wivu mtu, halafu anakaa ndani ya joto la mtu huyo huyo?

Wingu limeanza tena kujikusanya juu ya ziwa. Kituoni si mbali na kufuli nina ufunguo wake. Naenda kuifunika kona ya watu.

Na kesho la nne likikutwa lina moto, ndaga itakayotoka, nusu ni yangu.